Stika ya Thornley

Jumamosi, 21 Septemba

Baridi asubuhi, jua mchana. Shamba la mtoni limeanza kuchimbwa.

Daftari hili ni la viazi. Nililinunua kwa ajili ya viazi—hali ya hewa, mashine ipi imegoma, shamba gani limekwisha. Lakini leo nimekasirika na sina wa kumwambia, kwa hiyo viazi vitasogea kidogo.

Shule zimefungwa kwa mavuno, wiki tatu, na watoto wote wa kaunti wako mashambani kama tulivyokuwa sisi. Élise yuko kwenye mashine yangu, amesimama juu na wenzake, anatoa mawe kwenye mkanda viazi vikipita. Mwaka wa nne huu. Gilles, ambaye nimefanya naye kazi tangu sote wawili tuna nywele, anasema binti yangu ana mikono myepesi kuliko yeye. Leo saa ya chakula mtoto akanijia na simu yake. Baba, nimevichuja, vimebaki viwili. Viwili vipi? Vyuo.

Nikamwambia vizuri, omba vyote viwili. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama ng'ombe aliyenasa kwenye uzio.

Kumbe mambo hayaendi hivyo! Vyuo vyenyewe ni vile vidogo vinavyochagua watu kwa tochi—wakiomba kumi, anachukuliwa mmoja. Lakini kuna mlango wa pembeni: unaahidi mapema. Kufikia tarehe mosi Novemba unachagua kimoja, kimoja tu, unaapa kwamba wakikukubali utaenda na vingine vyote utaviacha. Nao wanapenda kupendwa, ndiyo maana nafasi inaongezeka. Na karatasi ya kiapo inataka saini tatu: ya mtoto, ya mshauri wa shule, na ya mzazi. Mzazi ni mimi. Miaka yote hii nimesaini karatasi za shule bila kusoma—za safari, za sindano, za picha. Hii wanasema nisome.

Cha kwanza kinaitwa Thornley. Kiko hukuhuku Maine, mwendo wa saa nne na nusu kusini. Cha pili kinaitwa Calloway. Kiko Oregon.

Oregon! Upande wa pili wa nchi. Ukizidisha hatua unaangukia bahari nyingine. Na Oregon ndiko aliko Renée, mama yake Élise. Alikwenda kumsalimu dada yake kwa wiki mbili, mtoto akiwa na miaka sita. Zile wiki mbili hazijaisha mpaka leo.

Jumapili, 22 Septemba

Mama alipika ploye, chapati zetu za maji, baada ya misa. Nikamweleza habari ya kiapo nikitegemea atakuwa upande wangu. Mama yangu ana miaka themanini na miwili na hajawahi kulala nje ya kaunti hii isipokuwa hospitalini. Akasikiliza mpaka mwisho huku akiangalia kikaango. Akasema basi ni kama ploye, inaiva upande mmoja, haigeuzwi. Anayemwaga uji wake awe ameshaujua moto.

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema ana maana nitoe viwiko mezani.

Jumanne, 24 Septemba

Mkanda umekatika mara mbili. Mara mbili!

Gilles akauliza huko wanafundisha kazi gani. Nikasema hakuna kazi. Wanafundisha kila kitu, falsafa, nyota, muziki, lugha za watu waliokwisha kufa, halafu mwaka wa pili mtoto ndipo anachagua. Sanaa huria, ndivyo wanavyoita. Gilles akafikiri. "Kwa hiyo baada ya miaka minne anajua yote na hawezi lolote. Kama mkwe wangu." Nilicheka. Kisha nikachukia, kwa sababu ni mimi peke yangu ninayeruhusiwa kusema hivyo.

Élise anataka kusoma udongo. Na Kilatini. Nikamuuliza ni nani duniani anayesoma udongo na Kilatini. Akasema ndiyo sababu hasa, Baba, kwingine kote wataniambia nichague kimoja. Nikamwambia mbona hata hawa wanakuambia uchague kimoja. Hakuongea nami mpaka jioni.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua, hakuna kuchimba. Tumekwenda Thornley.

Tuliondoka alfajiri. Nilivaa viatu vya kanisani. Baba wengine wote walikuwa wamevaa viatu vya shamba—vya bei, havijawahi kuona tope.

Msichana mmoja, mwanafunzi wa pale, alitutembeza akitembea kinyumenyume. Saa nzima! Anaongea, anatabasamu, ngazi anazipanda kinyumenyume. Nasikia ndiyo desturi ya vyuo hivi vyote, ili asiwape wageni kisogo. Nilikaa nikisubiri aanguke, hakuanguka. Wazazi walikuwa wakiuliza maswali ambayo si maswali: binti yetu anapiga fidla na pia anapiga mbizi, je, ataweza kuendelea na vyote? Mimi nikauliza nani anayeondoa theluji kwenye paa la maktaba, maana lina mwinuko mbaya. Élise akawa anatazama vidole vyake vya miguu.

Baadaye bwana mmoja wa ofisi ya kuchagua wanafunzi akatusalimu. Akamuuliza Élise kimempendeza nini hapa. Nikajibu mimi. Sijui kwa nini. Nikasema anapenda kuwa karibu na nyumbani. Yule bwana akasema, "Naona," akaandika kitu.

Kabla ya kuondoka nikapita kwenye duka lao nikanunua stika ya Thornley, herufi nyeupe, ndefu, nikaibandika kwenye kioo cha nyuma cha pikapu palepale kwenye maegesho. Najua, najua. Stika haibandikwi mpaka mtoto awe amepokelewa, kila mtu anajua hivyo. Ni kama kutengeneza kitanda cha mtoto ambaye mimba yake haijaingia. Élise aliniomba niitoe. Nikasema ni gundi tu, mwanangu. Hakuniomba tena.

Tulipopita Bangor ndipo akafungua mdomo. "Aliniuliza mimi, Baba."

Jumatatu, 7 Oktoba

Tumerudi shambani. Pale pa petroli watu wawili wamenipongeza. Wameona stika. Nikasema asante. Ningesema nini?

Alhamisi, 10 Oktoba

Shamba la kilimani limekwisha. Mawe mengi kuliko viazi.

Leo zamu ya Calloway. Wao hawakuhitaji safari, walimhoji kwenye kompyuta, mezani jikoni. Mimi nilifukuzwa. Mama aliruhusiwa kubaki kwa sharti asikaange kitu. Nikasimama nje, nyuma ya mlango wa jikoni, na fulana yangu yenye grisi, kama mwizi, nikasikiliza.

Mwanamke mmoja wa huko chuoni, sauti ya upole, akamuuliza anapenda kufikiria nini akiwa peke yake. Swali gani hilo! Élise akasema mawe. Akasema kila mwaka baba yangu na wenzake wanaokota mawe yote shambani, na mwaka unaofuata yapo tena, na watu wa kwetu husema mawe huota. Hayaoti, akasema. Ni ardhi inayoganda, inayainua kidogokidogo kila baridi. Kisha akaeleza maneno ambayo Warumi walikuwa nayo kwa udongo, maneno manne au matano, kila aina na neno lake, na sisi tunasema udongo tu. Yule mwanamke wa Calloway akasema pale kwao yuko mwalimu ambaye amefanya kazi miaka ishirini juu ya ardhi inayoganda. Élise akasema, najua, nimesoma kila alichoandika.

Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Nyumbani anaongea kwa kukatakata kama mimi. Alikuwa anacheka! Dakika arobaini, na mimi mguu umekufa ganzi mlangoni.

Na chuo chenyewe kiko mwendo wa saa moja kutoka nyumba ya Renée. Nimepima kwenye ramani. Udongo, Kilatini, sawa. Saa moja kutoka kwa mama yake! Mimi si mjinga.

Jumatano, 16 Oktoba

Mavuno yamekwisha, shule zimefunguliwa. Ninaosha mashine.

Saa nne asubuhi simu ikalia. Karatasi ya kiapo. Calloway. "Binti yako ameomba saini yako." Chini yake maelezo marefu, kisha mstari wa kuandika jina.

Nimeifunga simu nikarudi kuosha mashine. Jioni Élise amekuja mezani akiwa amechana nywele. Amenipa chumvi kabla sijaomba. Nimesema viazi vya mwaka huu vina ngozi nzuri. Akasema ndiyo, Baba.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sijasaini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sijasaini. Breki za pikapu zinalia.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama amenifuata ghalani na fimbo yake. Kwake huo ni mwendo mrefu, kwa hiyo nilijua nimekwisha.

Akasema mtoto hali vizuri. Nikasema wanafunzi wote hawali vizuri mwezi huu, wako hivyo nchi nzima. Akasema, Normand, usinichezee, karatasi ya mtoto iko wapi? Nikamwonyesha simu. Akaitazama kama mtu anayetazama yai viza. Akauliza ninangoja nini. Nikasema nafikiri. Akasema mtu anayefikiri huonekana, na mimi naonekana nimenuna.

Basi nikamwambia. Nikamwambia atakwenda kwa mama yake na hatarudi, kama Renée, kama ndugu yangu aliyekwenda Connecticut, kama nusu ya darasa letu. Thornley naweza kumfuata Ijumaa na kumrudisha Jumapili. Oregon ni ndege mbili na machozi.

"Mficha uchi hazai," Mama akasema. "Haya uliyoniambia mimi, kamwambie yeye."

Sikumwambia. Nilimkuta anasoma, nikamwuliza kama taa inamtosha.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimempigia Renée. Mara ya mwisho ilikuwa Krismasi, na hata ile alipiga yeye.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno yangu yote kwenye bahasha ya ankara ya mbolea, nimeyaandika. Nikaanza, habari hii ya Calloway, nimejua ni mpango wenu. Akauliza, Calloway gani? Akauliza tena, Normand, Calloway hii ya huku kwetu? Élise anaomba Calloway?

Hajui! Mtoto hajamwambia mama yake hata neno. Renée akaanza kulia, sijui kwa furaha au kwa nini, nami nikawa nimeshika bahasha yangu. Nikamwomba asimwambie mtoto kwamba nimepiga. Akasema kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja tumekubaliana jambo.

Kwa hiyo si kwa ajili ya mama yake. Ni mawe. Ni yule mwalimu na ardhi yake inayoganda. Sasa sina hata mtu wa kumlaumu, na hasira bado ninayo, naizungusha tu kutafuta pa kuiweka.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sijasaini. Leo niliifungua karatasi, nikaandika N. Nikaifuta.

Jumatatu, 28 Oktoba

Barafu ya kwanza kwenye ndoo.

Simu imelia saa sita. Nikajua ni kumbusho tena. Si kumbusho. Ni karatasi mpya. Thornley.

Niliisoma mara tatu. Nilikuwa nangojea nifurahi. Nilikaa juu ya debe la oili kabisa nikingojea. Ndiyo ninayoitaka, si ndiyo? Nilibandika mpaka stika!

Jioni Élise akawa anamenya viazi, mgongo kwangu. Akasema amebadilisha. Nikauliza kwa nini. Akasema ni karibu, na mpango wao wa sayansi si mbaya, na kule mapumziko mafupi asingeweza kuja nyumbani, Bibi naye umri unakwenda. Alisema yote hayo kwa sauti ileile, kama anayesoma orodha ya dukani. Nikasema, haya, ni uamuzi wako. Mama akaweka kikombe chake chini kwa nguvu mpaka kikavunjika mkono. Hakuna aliyeuokota.

Uamuzi wako! Nimesema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo Élise ameniachia insha yake ya Thornley mezani, ukurasa mmoja, na kijikaratasi: Baba, nitazamie kama kuna makosa. Ni ile wanayouliza kwa nini unakitaka chuo chetu. Mimi nimeishia darasa la kumi na mbili, lakini kusoma najua.

Hakuna kosa hata moja. Maktaba yao ni nzuri. Madarasa yao ni madogo. Yeye anathamini jumuiya. Niliimaliza nikawa siwezi kukumbuka chochote, nikaisoma tena, nikasahau tena. Imeandikwa na mtu anayelipa faini.

Katika nyumba hii karatasi haitupwi mpaka imeandikwa pande zote mbili, ni sheria ya Mama. Nikaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na insha ya Calloway.

Inaanza hivi: "Kila mwezi wa Mei baba yangu huokota mawe katika shamba lilelile, na kila Mei huyatukana kana kwamba hajawahi kuyaona. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea nyuma yake na ndoo. Nilitaka kujua yanatoka wapi, naye akasema niulize mawe yenyewe. Nimekuwa nikiyauliza tangu hapo."

Nilisema hivyo? Sikumbuki. Alikuwa na miaka saba, labda minane, ule mwaka baada ya Renée. Lazima nilikuwa na hasira. Yeye akaichukua kama kazi aliyopewa.

Nimesoma mpaka mwisho nimesimama. Kuna mahali ameandika kuwa mkono wa baba yake unaweza kutofautisha jiwe na kiazi gizani. Kweli unaweza. Nimelia, ndiyo, na hakuna wa kunisuta humu. Nimelia kwa aibu hasa. Siku kumi na mbili mtoto alikuwa amenyoosha mkono nami namwambia habari za ngozi ya viazi.

Nikachukua simu kusaini ile ya kwanza. Haipo. "Ombi hili limeondolewa na mwanafunzi." Ni kama kwenda kuwasha trekta mvua ikiwa imeshaanza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo nilikusudia kumwambia wakati wa chai ya asubuhi. Nilikuwa na maneno. Akaja amechelewa, mkate mdomoni. Nikafungua mdomo nikasema nimetengeneza breki.

Jioni timu ya shule yao ilikuwa na mechi mji wa pili, akarudi amechoka, akaenda moja kwa moja kulala. Amepita karibu na stika kwenda na kurudi.

Mama haongei nami. Hata viwiko hanisemi.

Ijumaa, 1 Novemba

Naandikia kwenye usukani. Maegesho ya shule, saa nane na dakika arobaini mchana. Theluji nyepesi, haishiki.

Asubuhi Bi. Thériault, mshauri wa shule, amepiga. Amesema ya kwake tayari, ya Élise tayari, ya baba ndiyo haipo, kwa mara ya pili sasa. Na yeye anaondoka saa tisa kamili, anavuka mpaka kwenda harusi ya dada yake, na huko hatafungua kompyuta hata dunia iishe. Karatasi ikibadilika lazima na yeye asaini upya. Kwa hiyo saa tisa.

Nilifika saa nane na robo. Nikaomba ofisini wamwite Élise kutoka darasani. Akatoka mbio bila koti, uso mweupe. Alidhani Bibi amefariki! Sikufikiria hilo. Nikamwambia Bibi mzima, Bibi amenuna tu. Akashika ukuta.

Nikamwambia nimesoma upande wa nyuma wa karatasi.

"Irudishe ile ya kwanza," nikasema. "Nitasaini."

"Siku kumi na mbili, Baba. Nilikuwa naamka naangalia simu kabla sijanawa uso. Ungesema hapana ningegombana nawe. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Hukusema kitu."

Nikasema niliogopa. Neno lilitoka dogo, kama si langu. Nikamwambia mama yako alisema wiki mbili. Akasema, "Mimi si Mama." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angesema kwa ukali.

Kisha akasema sasa hajui. Hajui kama anataka kule kwa sababu anataka, au kwa sababu hatimaye nimefungua lango. Na nyumbani pia anapapenda, hilo sikulijua? Nikaanza kumwambia ninavyoona mimi. Akainua mkono wake kama polisi wa barabarani.

"Nitatuma moja. Wewe saini tu."

Akaingia ndani. Mlango ule una springi, ukajifunga taratibu mbele ya pua yangu.

Nikarudi kwenye pikapu. Sikuweza kukaa. Nikatoa kisu cha kukatia viazi vya mbegu kwenye kisanduku cha vifaa, nikaanza kuikwangua stika. Nilijiambia si kwa sababu nimejua atachagua nini. Ni kwa sababu aliniomba. Tarehe tano Oktoba aliniomba, na mimi nikamwambia gundi. Gundi yenyewe imeganda kwa baridi hii, inatoka kwa chembechembe. Nimetoa herufi nne, vidole vikafa, ndipo nikaingia humu kuandika. Nyuma imebaki NLEY. Mzazi mmoja amepita na gari lake akatazama, akatazama tena.

Saa tisa kasorobo. Hakuna kitu.

Saa tisa kasoro dakika kumi. Simu! Nilipoiinua kisu nilichokuwa nimekiegesha ukingoni mwa dirisha lililo wazi kikaanguka, kiko chini nje, kikae hukohuko.

Ni karatasi. Jina la chuo liko pale juu kwa herufi nzito. Nilitaka kulisoma, Mungu ananijua nilivyotaka. Nikaweka kidole gumba juu yake kabla macho hayajafika. Gumba langu ni la mtu wa viazi, ni pana, linafunika chuo chochote. Nikaandika jina langu kwa mkono wa kushoto. Imekataa! Inasema jina halilingani na lile lililopo kwenye kumbukumbu. Norm Cyr hawamjui. Wanamtaka Normand Joseph Cyr, lote, kama nilivyobatizwa. Nikaliandika lote, herufi kwa herufi, gumba halijasogea. Nimebonyeza.

Sasa kuna kiduara kinazunguka. Kinazunguka tu. Mtandao wa kaunti hii! Kuna minara mitatu na yote imelala. Naandika ili mikono isiguse kitu kingine.

Saa tisa kasoro dakika nne. Dirisha la Bi. Thériault lina taa bado. Amesimama, amevaa koti, mkoba begani, anatazama kompyuta yake. Ananitazama mimi. Nimemwonyesha simu. Ameonyesha saa.

Élise ametoka. Safari hii ana koti. Hakimbii. Nimefungua mlango wa upande wake, ameupita. Amezunguka nyuma ya pikapu mpaka upande wangu, simwoni kwenye kioo cha pembeni, ameinama.

Ameokota kisu. Nasikia anakwangua, krrr, krrr, nyuma kabisa ya kisogo changu.

N imetoka. Kiduara bado kinazunguka.